Tao la Baba kwenye Mlango wa Mama

Kibao kipya kilichosimikwa kwenye njia ya kupanda kijijini kwetu, juu ya mji wa Morogoro, kinasema kwamba mbele kuna "Monasteri ya Zama za Kati". Mimi nafundisha historia sekondari huku mjini, Kihonda, na nilipokiona mara ya kwanza nilishuka kwenye bodaboda nikidhani nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya. Zama za kati, kwa hesabu yoyote ninayofundisha, ziliisha zamani sana kabla mtawa wa Ulaya hajaiona milima ya Uluguru hata kwa mbali. Wale watawa walipanda wakati wa Mjerumani, na bibi yangu mzaa mama aliwahi kuwauzia ndizi wale wa mwisho.

Nilimuuliza ofisa wa kamati ya vivutio, ambaye ndiye aliyeandika maneno hayo. Hakutahayari hata kidogo.

"Mwalimu, mtalii akisikia zama za kati, anapanda mlima. Akisikia Mjerumani, anakwambia huyo ameshamwona kwenye stesheni ya reli aliyoijenga."

Nimpe haki yake, jengo lenyewe linadanganya vizuri. Watawa walijenga kama wako kwao. Kuta ni nene ajabu, na madirisha ni membamba ya kuzuia theluji, ambayo mpaka leo tunaisubiri. Katikati waliacha ua wa mraba uliozungukwa na baraza la matao pande zote, ili wazunguke wakisali bila kulowa. Lakini masika ya kwetu hayanyeshi tu, hushuka pia. Maji yalitoka mlimani, yakaingia uani, yakaona pazuri, yakakaa. Wazee wanasimulia kwamba ilifika wakati watawa wakawa wanasali huku wamekunja kanzu hadi magotini. Imani haikutetereka, iliyokata tamaa ni chokaa. Ukuta mmoja ukalala, paa likafuata, na mwishowe watawa wenyewe wakafunga mizigo wakashuka.

Kijiji kikafanya kile ambacho kijiji chochote chenye akili kingefanya. Ardhi ile ilikuwa ya ukoo wetu, wao walikuwa wameiazima tu, na aliyeazima akiondoka shamba hurudi kwa wenyewe pamoja na kilichomo. Mabati yalitangulia, milango ikafuata, kisha mawe. Leo ukitaka kuiona Misheni nzima, kama tunavyoiita sisi, inabidi upite nyumba kwa nyumba. Kizingiti cha msikiti ni jiwe la kanisa lao. Choo cha shule ya msingi kina kuta za kustahimili mizinga. Na mlango wa mbele wa mama yangu ni tao zima la mawe, lenye msalaba uliochongwa kwenye jiwe la juu kabisa.

Tao hilo alilileta baba. Kwetu mwanamume akioa huhamia upande wa mke, kwenye ardhi ya ukoo wa mama, na wajomba humtazama kwanza kama ana mikono. Baba alitoka Turiani, bondeni kwenye miwa, na wajomba walikuwa wameshakubaliana kwamba mtu wa tambarare mlima hauwezi. Akaenda Misheni, akalibomoa tao jiwe kwa jiwe, akayabeba mawe kichwani mpaka kwa mkewe, akalisimamisha upya. Wajomba wakanyamaza. Sijasikia jambo jingine lililowahi kuwanyamazisha. Baba sasa ni marehemu, na mama humwonyesha mgeni tao lile kabla hajampa kiti.

Basi kamati ikaitisha mkutano kwenye magofu. Ofisa akatueleza kwamba mawe yote ni urithi wa taifa na lazima yarudishwe. Tulipiga makofi sana, maana ndivyo tunavyomsindikiza mgeni wa serikali. Siku zilizofuata watu walibeba mawe kweli, ila waliyatoa mtoni. Hakuna aliyekuwa tayari kubomoa choo cha shule kwa ajili ya taifa. Mawe yakarundikana hadi yakawa ukuta, mahali ambapo hapajawahi kuwa na ukuta. Akaja mtaalamu, akaupima, akaupiga picha, akatangaza kwamba hiyo ndiyo sehemu ya kale kuliko zote. Ofisa alifurahi mno, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumharibia siku.

Tao la mama halikufichika. Ofisa alilifuata mwenyewe, na mafundi nyuma yake. Nilikuwepo, na nilijua kwamba tao likitoka na ukuta wa mbele unashuka nalo. Mama aliwapa uji, akawasikiliza hadi mwisho.

"Lichukueni, wanangu," alisema. "Ila mlibebe kichwani, kama alivyolibeba mwenyewe."

Ofisa alilitazama lile jiwe la msalaba, kisha akaitazama njia, ambayo gari halijawahi kuipita. Mafundi walikuwa wameinamia vikombe vyao. Kabla uji haujaisha, kamati ilikuwa imebadili sera: masalia mengine yahifadhiwe yalipo. Nilicheka kwa furaha, nikaamini tumeshinda.

Wakaleta kibao kingine, wakakipigilia kando ya mlango: "Lango la Watawa. Kazi ya Mikono Yao." Mama alivaa miwani, akasoma, akarudia kusoma.

"Baba yako yuko wapi hapa?"

Nilishuka mjini nimefura kwa hasira, nikamkuta ofisa, naye akanijibu kwa upole kabisa. "Mwalimu, tukiandika kila aliyebeba jiwe, kibao kitakuwa daftari la mahudhurio. Halafu mume wa mtu hana mvuto."

Mama alitulia baada ya hapo, jambo lililonishangaza. Kwenye simu aliniambia hana haja na kibao. Wageni huwaambia mwenyewe, na wote huinamisha vichwa.

Likizo iliyopita nilimkuta anamenya ndizi, na kundi la watalii likafika. Aliinuka, akafuta mikono kwenye khanga, akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Hili kajenga mume wangu," aliwaambia. "Alitoka Turiani. Walisema hataweza."

Mwongoza watalii, mtu mzima mwenye heshima zake, alitafsiri kwa Kiingereza bila kupepesa macho: mama huyu anasema watawa walikuwa watu watakatifu sana. Watalii wakainamisha vichwa.

Mama akanigeukia, uso umemchangamka vile ambavyo sijauona tangu msiba wa baba.

"Umeona wanavyomheshimu baba yako?"

Na mimi, ninayelipwa mshahara kusahihisha historia ya watoto wa watu, nikasema, "Nimeona, mama."