Biskuti za Supermaketi Mbele ya Mama Mkwe

Biskuti za krimu ninazonunua ni zile zenye jina la supermaketi yenyewe kwenye karatasi, na sitaki kuonewa huruma. Ni nyeusi, krimu nyeupe katikati, sawa na zile maarufu za ng'ambo. Nakubali, krimu ya zile maarufu ni nzito kidogo. Basi. Lakini wifi yangu, dada wa mume wangu, huziita zangu biskuti feki.

Dada yao wa mwisho alikuwa amepata mchumba, na wakwe walikuwa waje kujitambulisha. Mama mkwe akaja kutoka Machakos kuamua wapokelewe wapi: kwangu Kilimani, au kwa wifi Hurlingham. Mimi ndiye mke wa kifungua mimba wao. Kurukwa kungekuwa aibu ya kusimuliwa kila Krismasi.

Jumapili, baada ya kanisa, mama mkwe na wifi wakaja kwangu. Wifi akaingia na pakiti ya zile za jina kubwa.

"Nimebeba zangu, Mum. Wageni wakipewa za huyu, tutaficha uso wapi?"

Mbele yangu! Nikaweka zake sahani moja, zangu sahani nyingine, nikamimina chai ya maziwa ikiwa moto kabisa.

Sasa, kwetu biskuti hailiwi kavu. Inachovywa kwenye chai. Mama mkwe akaanza na ya wifi, akaichovya huku akiongea habari za mbuzi. Alipoinua mkono, alikuwa ameshika kipande tu. Akaopoa kilichozama kwa kijiko, akachovya ya pili. Nayo ikazama.

"Woi! Hii ni biskuti ama ni uji?"

Akachukua yangu. Nikaweka birika chini nione vizuri. Akaichovya, akangoja, akaitoa. Nzima! Imelowa vizuri, krimu inaanza kuyeyuka, lakini nzima. Akaila yote, akachukua nyingine.

"Lakini Mum, hizo si orijino," wifi akajaribu.

"Wazee watakunywa chai, hawatakula karatasi," mama mkwe akamjibu. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, wageni watapokelewa hapa."

Nikasema asante, kwa adabu zote, nikachukua birika nikaenda jikoni. Nilikuwa na furaha ya kupasuka. Nikafunga mlango nikapiga vigelegele, na najua wifi alivisikia vyote.