Mashati Yasiyotaka Pasi

Mimi huenda sokoni na kiberiti mkobani. Nikipata kitambaa kinachonivutia, navuta uzi mmoja pembeni, nasogea kando na kuuwasha. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kupuliza. Uzi wa poliesta hujikunja kwa moshi mweusi, halafu hubaki kijidonge kigumu chenye harufu ya beseni lililosahauliwa karibu na jiko. Wauzaji wa mitumba wa Thika wamenipachika jina kwa ajili ya hicho kiberiti, na sijali. Wao ndio wangepaswa kuona haya. Mtu anakunyooshea gauni la plastiki machoni pako na kuapa ni pamba tupu, kisha anakasirika moto ukimwonyesha kuwa hajui anachouza.

Nashona kwilti. Kwa wasiojua, na hapa Kimbo wasiojua ni karibu wote, kwilti ni blanketi la tabaka tatu: juu vipande vilivyounganishwa kwa mpango, katikati pamba ya kujazia, chini shuka, na mshono unaopita kote kushikanisha hizo tatu. Jirani zangu huiita blanketi ya matambara. Wao wanapenda zile blanketi za manyoya zenye picha ya kichwa cha chui. Watu wawili waliofunga ndoa kanisani, mbele ya wazazi, wanalala chini ya chui aliyekodoa macho, kisha wanakuja kwangu kuniambia kazi yangu ina rangi nyingi.

Kitambaa kizuri kwa kazi yangu ni shati la mwanaume mkubwa. Shati kubwa la pamba, lililofuliwa mpaka likalainika, lina mgongo mpana usio na mshono, na mgongo huo hunitosha vipande vingi. Kwa hiyo siku wanapofungua belo jipya la mitumba mimi huwa wa kwanza kwenye rundo la mashati, na huchagua yale makubwa kupita kiasi. Yuko mama mmoja anayeniuzia ambaye aliniuliza kwa miaka.

"Kwani mzee wako ni mkubwa hivi?"

"Ni mkubwa," nilikuwa nikimjibu, ili anyamaze.

Mume wangu alikuwa mwembamba. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja Thika, mtu mpole, mwenye kalamu mfukoni hata Jumapili, na kwa mavazi alikuwa aibu yangu. Alipenda mashati ya poliesta. Si kwamba alikosa mengine, aliyapenda. Lilikuwapo moja la rangi ya chai lenye almasi za manjano, moja la kijani lililong'aa kama mgongo wa nzi, na moja la mistari ya dhahabu alilolitunza kwa harusi na kesi za mashamba. Nilimweleza mara ngapi kwamba hayo ni plastiki, kwamba ngozi haipumui humo, kwamba mke wake ndiye mwanamke anayejua vitambaa kuliko wote kuanzia Ruiru hadi Thika na yeye anatoka nyumbani aking'ara kama karatasi ya peremende. Alikuwa na jibu moja.

"Haya hayataki pasi. Unafua, unaanika, unavaa."

Nilipiga pasi hata hivyo. Mume wangu hangeenda kazini na mikunjo watu wakasema mkewe ni mvivu. Na kwa kuwa mkono wangu umezoea pamba, na pasi yangu siku zote iko kwenye moto wa pamba, niliyachoma. Ncha ya pasi ilikuwa ikiacha alama ngumu inayong'aa, kwenye kiuno au chini ya kola, na nyumba yote ikajaa harufu ya plastiki. Yeye alivaa sweta juu ya alama, akanywa chai, akaenda. Watoto walikua wakidhani hiyo ndiyo harufu ya Jumatatu.

Alikufa mwaka juzi, kwa ugonjwa wa moyo ambao hatukujua anao. Baada ya mazishi vijana wangu waligawana saa na koti, na binti yetu, kitindamimba, akachukua mashati. Nilimwachia bila kubishana. Nilifurahi kabati limepumua.

Binti huyo anaishi Kahawa Sukari na mumewe na kijana wao wa kwanza. Mwaka jana alipata mimba ya pili, na akaambiwa ni mvulana tena. Kwetu mvulana wa kwanza huchukua jina la baba wa mume, na wa pili huchukua la baba wa mke. Kwa hiyo mume wangu alikuwa anarudi. Mwezi wa saba wa mimba, binti yangu alikuja Kimbo na mfuko wa mashati, akaumwaga kwenye meza yangu ya kukatia.

"Mum, nataka unishonee kwilti ya mtoto. Na hizi za Daddy. Usiweke kitu ingine."

"Hizi ni plastiki."

"Najua."

"Mtoto atatoka jasho."

"Mum, nimekuomba. Sijawai kuomba kwilti."

Hilo lilikuwa kweli. Kati ya watoto wangu wote ndiye aliyelala chini ya chui. Nilimwambia sawa, akaenda, nami nikabaki nikiyatazama. Poliesta inateleza chini ya mkasi. Haikunjiki. Ukiishona pamoja na pamba ya kujazia inavimba hapa na kuzama pale, kama godoro la hosteli. Mfuko wa lile la rangi ya chai ulikuwa na doa kubwa la wino wa bluu, mahali kalamu ilivuja na hakuna sabuni iliyoliondoa. Kazi kama hiyo itoke mkononi mwangu, itandazwe mbele ya wakwe wa binti yangu, watu ambao tayari wananiona fundi wa matambara? Niliyarudisha mashati mfukoni, nikausukuma mfuko chini ya cherehani.

Nilikuwa na mpango niliouona wa akili sana. Ningetafuta pamba inayofanana nayo. Nilienda Thika mara nne na kipande cha kila shati mkobani, kama mpelelezi. Nilipata shati la kahawia lenye miraba ya manjano, kubwa la kutosha watu wawili. Nikapata la kijani cha majani makavu. Nilichoma nyuzi zake zote na zote zikawa jivu. Nilibakisha mistari ya dhahabu, na kwa hiyo nilienda kwa mzee mmoja Mhindi ambaye duka lake la vitambaa alilirithi kwa baba yake. Ndiye mtu pekee Thika ninayemheshimu kwa kazi hii. Yeye hahitaji kiberiti. Hufumba macho, akasugua kitambaa kati ya vidole viwili, akakwambia kimetoka wapi.

Nilimpa kipande cha shati la mume wangu. Alikisugua akakunja uso, nikafurahi. Kisha nikamweleza nilichokuwa nikifanya, nikitarajia anisifu.

"Mama, mtoto yako ametaka shati ya baba, ama ametaka pamba?"

"Anataka kitu kizuri."

"Hapana," alisema, akinipimia kitambaa cha mistari. "Kitu kizuri unataka wewe."

Nilikunja kitambaa changu nikaondoka. Njiani nilijiambia hata yeye sasa amezeeka.

Kwilti ile ilitoka nzuri kuliko yoyote niliyowahi kushona. Pembe zote zilikutana. Mshono wa juu nilipitisha kwa mkono, na niliufurahia hadi nikawa nasimama kando ya dirisha kuutazama. Mtoto alipozaliwa nilienda hospitali nikamsalimia kama tunavyosalimia wajukuu wenye majina ya waume zetu: "Karibu, mume wangu." Muuguzi alicheka. Wiki iliyofuata nilienda Kahawa Sukari na chupa ya uji na kwilti ndani ya foronya safi. Juu ya kitanda cha mtoto nilikuta blanketi ya manyoya yenye dubu, zawadi ya bibi yake wa upande ule. Niliishika kwa vidole viwili nikaiweka kwenye kiti.

Binti yangu aliipokea kwilti kwa mikono miwili, na kabla ya kuitazama alizika pua ndani yake. Halafu aliitandaza magotini na kuanza kupapasa kipande kwa kipande.

"Mfuko uko wapi?"

"Mfuko gani?"

"Ya kalamu."

"Ulikuwa na doa."

"Najua ilikuwa na doa." Alipindua pembe, akatazama chini, akarudi juu. "Hii si shati ya Daddy. Hii ni ya nani?"

"Ni pamba tupu," nilisema.

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza ni ya nani."

Lilikuwa la mwanaume fulani mnene, wa nchi ambayo siijui, aliyelivaa mpaka likalainika kisha akalitupa, au akafa. Mtoto alikuwa amelala katikati yetu. Binti yangu aliikunja kwilti vizuri sana, pembe kwa pembe, kama nilivyomfundisha, akanirudishia.

"Mum, unataka kufunika bwana yako na shati ya mwanaume mwingine," alisema. Hakuwa anatania.

Akasimama, akachukua blanketi ya dubu kwenye kiti, akamfunika nayo.

Nimewadharau watu wengi maishani, na wengi wao walistahili, lakini siku ile niliporudi Kimbo nilijidharau mimi. Nilimdharau mwanamke aliyezunguka soko zima na kiberiti akitafuta namna ya kuboresha mtu aliyekwisha kufa. Kesho yake asubuhi nilivuta mfuko chini ya cherehani, nikatoa lile la rangi ya chai, nikakata mgongo na mfuko wenye wino. Vipande viliteleza kama nilivyojua vingeteleza. Nikavilaza kwenye meza, nikashika pasi, na mkono ukafanya ulivyozoea.

Harufu ilipanda kabla sijaona moshi. Nilinyanyua pasi, na pembeni mwa almasi ya manjano palikuwa na alama ngumu inayong'aa, umbo la ncha. Nikasikia kabisa kana kwamba ni zamani: kikombe kikiwekwa chini, sweta likivutwa kichwani, mlango. Miaka yote ile hakuwahi kulalamika kuhusu shati hata moja nililolichoma. Nilikuwa na neno kuhusu kila shati lake, na yeye hakuwa na neno kuhusu pasi yangu. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikalia, na nilimtaka arudi na hayo mashati yake mabaya yote.

Ile kwilti ya pili ni kazi mbovu. Pembe hazikutani. Imevimba katikati, na ile mistari ya dhahabu inapiga kelele kando ya kijani. Nilibakisha mfuko mzima na doa lake, nikaushona pembeni ili uwe unafunguka. Kile kipande kilichoungua ningeweza kukitupa, mashati yalikuwa bado mengi. Sikukitupa.

Binti yangu aliinusa kwanza, kama ile nyingine. Akatia vidole mfukoni. Kisha akapapasa kwenda chini, taratibu, mpaka kidole chake kikafika kwenye alama.

"Umechoma," alisema.

"Nimechoma."

Alianza kucheka huku ameshika tumbo, maana mshono wa upasuaji wa kujifungua ulikuwa bado unamuuma, na machozi yakimtoka. "Sasa hii ni ya Daddy," alisema, akamtoa mtoto chini ya dubu na kumfunika nayo.

Haikuchukua muda mtoto akatoka jasho shingoni, kama nilivyosema. Nilimpangusa kwa leso na sikusema neno.