Mahindi Meusi ya Mama Mkwe

Nakumbuka mwisho wa mwaka mmoja, mwanangu, nikiwa bibi harusi wa miezi minne kule Kisarawe, mikono inaniwasha kwa hamu ya kuonekana mke hodari. Mimi nimezaliwa Kibaha, hapa hapa Sofu, kwa wazazi Wapare waliokuja kutafuta maisha. Kwetu mwaka mpya ulikaribishwa kwa usafi. Tarehe thelathini na moja mama alitoa nje kila kilichomo ndani, na kilichochakaa kilichomwa moto.

Kule ukweni hakuna aliyehangaika. Mama mkwe wangu, Bi Mwajuma, Mungu amrehemu, kwake mwaka ulianza mvua za masika zikianguka. Januari ilikuwa mwezi wa kungoja tu. Mimi kwa akili zangu za wakati ule nikaona watu hawa wamelala, nami nimeletwa niwaamshe. Usinicheke, wewe juzi tu ulimwambia baba yako aitupe redio yake.

Siku hiyo mama mkwe alikwenda msibani kijiji cha pili. Nikavamia jiko lake. Juu ya mafiga, kwenye mti uliopita chini ya paa, yalining'inia mafungu ya mahindi, meusi tii kwa masizi. Nikajua ni uchafu wa miaka. Nikayashusha yote, nikayachoma nyuma ya nyumba pamoja na makuti mabovu, kisha nikapaka ukuta chokaa. Nilijipenda kwa kweli.

Aliporudi alasiri alisimama mlangoni mwa jiko, akatazama juu, akaketi chini na kanga zake za msibani.

"Mbegu zangu ziko wapi, mwanangu?"

Nilipomwonyesha jivu hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba moshi ndio unaozuia wadudu, kwamba mbegu ile aliipata kwa mama yake, na kwamba inavumilia jua mvua zikikatika. Shamba lote la masika lilikuwa pale juu, chakula chetu cha mwaka. Angenipiga kofi ningelia kidogo. Kwa ile sauti yake ya upole nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Watu wengi walikuwa wameshahamia mbegu za dukani. Ilibaki nyumba moja tu yenye mbegu ile, ya Bi Zuhura wa ng'ambo ya bonde, ambaye mama mkwe mwenyewe alimgawia zamani. Lakini wawili hao walikuwa hawasemeshani mwaka wa tatu, kisa mbuzi wa Bi Zuhura waliokula mihogo ya mama mkwe. Hata harusini kwangu hakuja.

"Kule mimi sitii mguu," alisema mama mkwe. Wala hakunituma.

Asubuhi ya mwaka mpya nikaenda mwenyewe bila kuaga. Nilimkuta Bi Zuhura anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza yote, hata lile la kuwaona wakwe zangu wamelala sikulificha. Alicheka kwanza, halafu akauweka ungo chini.

"Mbegu ipo," alisema. "Ila aliyenipa ni Mwajuma, na nitamrudishia yeye mkononi. Mwambie aje."

Nilirudi nyumbani. Nilijua nimemweka mama wa watu pabaya: ama ajishushe, ama sote tukose mbegu kwa ujinga wangu. Nikampigia magoti, nikamwambia alivyosema mwenzake. Akajifunga kanga vizuri.

"Twende," alisema. "Nikikaa hapa, msimu mzima watakuita mke aliyechoma mbegu. Sitaki mwanangu aitwe hivyo."

Nilimpenda tangu dakika ile, na mpaka leo sijaacha.

Walipokutana hawakuombana radhi kwa maneno mengi. Mmoja alisema, "Umekonda, Zuhura," mwingine akajibu, "Na wewe umezeeka." Wakaingia jikoni. Nikiwa nje niliwasikia wanacheka, kisha mmoja anapenga kamasi. Tulitoka na mafungu manne, pungufu ya niliyochoma, na masika ile tulilima kipande kidogo. Bi Zuhura alikuja kupanda pamoja nasi.

Mwaka uliofuata Bi Zuhura alifariki. Mama mkwe ndiye aliyemwosha. Tulipotoka mazikoni alinishika mkono njia nzima, na tulipofika nyumbani akaniambia, "Bila wewe ningeukosa ule mwaka mmoja naye."

Mwanangu, wako wanaoupokea mwaka kwa fataki, kwa mkesha, kwa nguo mpya, na wako wanaolala tu mpaka kukuche. Simkosoi mtu. Nyumba yako isafishe upendavyo. Ila kabla hujatupa kitu cha mwenzio, muulize kinamfaa nini. Ukikosea, nenda ukaseme kwa mdomo wako, mapema, kabla watu hawajakusemea. Na kama yupo mnayenuniana naye, mwendee sasa hivi mkiwa wazima wote wawili, hata kama kosa ni lake, kwa sababu miaka hatugawiwi sawa.

Mungu akujalie mwaka ambao watu wako wote wamo ndani yake, na akulainishie moyo uwe wewe wa kwanza kupiga hodi. Amina.