Siku Bibi Alipokataa Kuinuka

Jumapili iliyopita, kanisani Ihembe, mhubiri kijana alitutangazia kwamba wana wa Israeli walimjua Mungu mmoja tangu mwanzo, wala hawakuwahi kuchanganya mambo. Nikajikuta nacheka kwenye benchi. Nawe ungecheka, laiti ungemjua bibi yangu.

Bibi alikuwa Mlutheri wa kweli, wa kuimba sauti ya pili huku akimenya ndizi. Lakini katikati ya kibanja, nyuma ya nyumba, palikuwa na kijumba cha nyasi kilichonifika magotini, na ndani yake kibuyu cha marehemu baba yake. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikiiva, kikombe cha kwanza kilimwagwa pale. Nikimuuliza, alinijibu bila haya kwamba Ruhanga, yaani Mungu, ni mmoja na ndiye mkubwa, ila ana dunia nzima ya kuangalia. Hizi ndizi zetu amewaachia wadogo wake.

Mwaka wangu wa kipaimara, wazee wa kanisa walianza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta vijumba vile. Ambaye angekutwa nacho angezuiwa Meza ya Bwana. Niliogopa sana. Siku yangu ile nilitaka bibi apige magoti kando yangu, si mtu mwingine.

Jumamosi mwinjilisti, mwalimu wetu wa kipaimara, akatufundisha habari za yule mke wa baba wa makabila ya Israeli, aliyeiba miungu ya baba yake, akaificha kwenye tandiko la ngamia, akaikalia. Baba mtu alipokuja kupekua, binti akasema hawezi kuinuka, yuko kwenye siku zake.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hao si ndio watu wa Mungu? Miungu ya nini tena?"

Akakuna kichwa. "Walikuwa bado wanajifunza."

Jioni nilimsimulia bibi tukichambua maharage. Alinirudisha mara mbili pale pa tandiko.

Wiki iliyofuata wakaja, mwinjilisti mbele, wazee wawili nyuma. Nilikimbilia kibanjani nikakuta kijumba hakipo, pametandazwa majani makavu ya mgomba. Kurudi ndani, bibi ameketi juu ya kapu la kahawa lililogeuzwa juu chini, khanga imelifunika mpaka sakafuni.

"Shikamoo mama," mwinjilisti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mtafune punje za kahawa. Mnisamehe, leo siinuki. Niko kwenye siku zangu."

Alikuwa na miaka sabini na kitu! Wazee wakatazama chini. Mwinjilisti alimtazama bibi, akanitazama mimi, akabana midomo mpaka mashavu yakamtetemeka. Akaomba sala fupi mno, wakaenda zao.

Siku ya kipaimara bibi alipiga magoti kando yangu, ananukia sabuni na moshi.

Sasa hayupo. Migomba imekwisha kwa mnyauko, palipokuwa na kijumba pameota mahindi, na rubisi haipikwi tena kwetu. Wahubiri wa siku hizi wana majibu ya kila kitu. Nammisi bibi, nakuambia kweli.

Baada ya ibada ile ya Jumapili iliyopita nilimkuta mwinjilisti nje, mzee wa mkongojo sasa. Nilipomwamkia aliung'ang'ania mkono wangu.

"Mwanangu, niambie kabla sijafa. Siku ile bibi yako alikalia nini?"

"Alikuwa bado anajifunza, mwalimu."

Akacheka mpaka mkongojo ukamdondoka.