Paulo Ndani ya Televisheni

Enzi za foleni ya sukari, wenzangu mliokulia Bagara mnakumbuka, mtoto alikuwa na kazi na alikuwa na mchezo, na mara nyingi hakujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Tulitumwa kupanga foleni dukani, tukacheza mdako humo humo kwenye foleni. Tulikwenda kuchota maji, tukarudi na nusu ndoo kwa sababu ya kombolela. Sabuni ilikuwa ya kuvizia, viatu vilikuwa katambuga za matairi, na chai tuliinywa kwa asali, si kwa ajili ya afya kama wanavyojisifu vijana wa leo, bali kwa sababu sukari haikuwepo. Siku hizi mwanangu akiishiwa bando jioni moja tu, nyumba nzima inakaa kama ina msiba.

Katika shida zile zile ndipo nilipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Rafiki yangu Nasrin, niliyesoma naye darasa la tano, baba yake alikuwa na mashine ya kusaga karibu na soko. Injini ya dizeli ilizungusha mashine kwa mkanda mpana, na mkanda mwingine mwembamba ulizungusha dainamo iliyowasha taa za nyumba yao, nyuma tu ya ukuta. Umeme wa nguzo ulikuwa haujatufikia. Mwaka huo mjomba wake Nasrin anayeishi Nairobi alikuja kuwatembelea, akawaachia televisheni ndogo na kidude kama taipureta isiyo na mahali pa kuweka karatasi, ndiyo kompyuta yenyewe. Kutazama matangazo kwenye televisheni ile hakukuwezekana, maana huku bara hapakuwa na kituo hata kimoja. Kazi yake ilikuwa moja, kuonyesha mchezo.

Mchezo wenyewe ulikaa kwenye kaseti. Ukiiwasha ilipiga kelele kama vyura wa ziwani wakati wa masika, nasi tulikaa kimya tukiisikiliza kwa heshima zote, kana kwamba ni ibada. Kisha kioo kikajaa miraba, kama daftari la hesabu, na juu ya miraba wakasimama watu wadogo wa rangi. Walikuwepo askari wenye mikuki, mganga mwenye fimbo ya kurusha moto, mifupa iliyotembea yenyewe, na joka la kijani lililolala mbele ya daraja. Ng'ambo ya mto kulikuwa na lango la mji. Ulitakiwa kuwapeleka watu wako mpaka langoni, basi.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba adui walisubiri. Unamsogeza mtu wako, halafu wao wanasogea, halafu zamu inarudi kwako. Sikuwahi kusikia vita vyenye adabu namna ile. Joka zima limeachama mdomo, linamsubiri mtoto wa Bagara amalize kufikiri! Nilimchosha Nasrin kwa maswali. Kwa nini mganga akirusha moto anaishiwa nguvu? Usiku wanalala wapi? Nani anawapikia? Ile mifupa ilikuwa ya watu wa ukoo gani kabla haijaanza kutembea? Nasrin alijua Kiingereza kuliko mimi, akasoma kijitabu na kunijibu alichokielewa. Asichokielewa alikitunga, na hadi leo sijui kipi kilikuwa kipi.

Mambo mawili aliyasoma sawasawa. La kwanza, askari hawakuwa na majina, uliwaandikia mwenyewe. La pili, aliyekufa hafufuki. Nasrin akaandika jina la baba yake, la mjomba wake, na la mwalimu wetu wa hesabu, huyo wa mwisho kwa nia mbaya kabisa. Zamu yangu ilipofika niliandika PAULO.

Paulo alikuwa kaka yangu mkubwa. Alikuwa mwanajeshi, na jeshi lilikuwa limempeleka Msumbiji. Kwa muda mrefu hatukuwa tumesikia neno lake lolote. Kila ilipofika saa ya taarifa ya habari Mama alikwenda kusimama nje ya dirisha la jirani mwenye redio yenye betri nzima, halafu alirudi na kuendelea kupepeta mahindi kana kwamba alikuwa ametoka chooni tu. Na kila alikopita, sokoni, kanisani, kisimani, watu walimwita Mama Paulo. Sikuwahi kufikiria uzito wa kuitwa hivyo kutwa nzima.

Basi mtu wangu nilimficha nyuma ya jiwe, kwenye pembe ya chini ya kioo, na sikumtoa. Wenzake walikwenda kupigana, yeye akabaki. Nasrin alinung'unika, "Kaka yako anakula bure huyu." Nikamwambia ana kidonda mguuni.

Tatizo lilikuwa dizeli. Mahindi ya wateja yakiisha, Baba Nasrin alizima injini pale pale. "Hii dizeli siyo maji ya ziwa," alisema, nasi tuliona jinsi alivyoihangaikia. Injini ikizimwa, kioo kinazimika na vita vyote vinafutika, kesho mnaanza upya na vyura wenu. Ndiyo maana tukawa mawakala wa mashine bila mshahara. Tulipita nyumba kwa nyumba: shikamoo mama, unga hujaisha? Mteja akimimina debe zima kwa mkupuo, injini ilielemewa na picha ikasinyaa, joka likawa dogo kama mjusi, nasi tukashangilia.

Siku moja Mama alikuja kusaga, akasikia sauti yangu nyuma ya ukuta, akaingia. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na alikuwa na tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, hata kwenye magunia. Akasoma kioo. Midomo yake ilikwenda polepole: Pa-u-lo.

"Huyu ni nani?"

Nikamwambia.

"Na hawa wa mifupa wanamtaka nini?"

"Wanataka kumuua, Mama."

"Akiuawa?"

Nasrin ndiye aliyejibu kwamba hafufuki. Nilisubiri kofi. Halikuja. Mama aliangalia kioo, akasema, "Jina la mtu aliye vitani halichezewi. Lakini mmeshamtia humo. Sasa mtoeni."

Tukamtoa nyuma ya jiwe. Alikuwa amefika darajani pale injini ilipozimwa. Kioo kikawa cheusi. Mama akauliza amekwenda wapi, tukamweleza kwamba mahindi ya kusaga yakiisha injini huzimwa, na kesho Paulo anaanza safari upya.

Kesho yake baada ya shule alikuja tena, amebeba mfuko kichwani. Baba Nasrin aliufungua, akachota mahindi kiganjani, akayanusa. Yalikuwa meusi kwa moshi. Kila nyumba ya mkulima iliijua desturi hiyo: mahindi mazuri kuliko yote yalifungwa kwa maganda yake na kutundikwa darini juu ya mafiga, moshi uyalinde na wadudu hadi mvua za kupandia. Hayo hayaliwi hata mkiwa na njaa.

"Mama Paulo, haya si ya mbegu?"

"Saga."

"Mtapanda nini?"

"Baba Nasrin, nimekuomba usage. Lakini mimina kidogo kidogo, isiishe haraka."

Akamwelewa. Alikuwa mzazi naye. Alimimina kwa kikombe.

Mama akakaa kwenye kigoda nyuma yetu na kuanza kuamuru. Alikuwa hajawahi kugusa mchezo wowote maishani mwake, lakini ndani ya muda mfupi aliielewa zamu, aliuelewa moto wa mganga, na alilielewa joka kuliko sisi. "Lile linapenda anayekaribia. Lipeni wa kulikaribia." Nasrin akasema, kwa sauti ndogo, kwamba huyo atakayekaribia atakufa. Mama akasema, "Paulo kwanza."

Tukampeleka mwalimu wa hesabu. Kisha mjomba. Mifupa ilipoziba njia ya daraja, tukampeleka wa mwisho, mwenye jina la Baba Nasrin, na Nasrin akaanza kulia huku vidole vyake vikibonyeza. Mama alimshika bega, lakini hakusema tuache. Paulo akavuka mraba kwa mraba, akaingia langoni. Maneno ya Kiingereza yakatokea. Nasrin akajifuta pua na kutafsiri: amefika salama.

Mama alijifunika uso kwa khanga. Alipoufunua alisema tu, "Haya, injini izimwe."

Ugali wetu ulinukia moshi kwa muda mrefu. Mvua zilipokaribia, Mama alikwenda kulima vibarua kijijini Bonga ili alipwe mbegu, na Baba alipomuuliza zile za darini zilikwenda wapi, alijibu zimeliwa. Haukuwa uongo.

Paulo alirudi baada ya mavuno. Alikuwa mwembamba, mkimya, na Mama alimshika mikono, mabega, masikio, kama anayekagua kuku wa kununua. Jioni ile mezani sikuweza kuvumilia. Nilimsimulia mchezo wote, joka, daraja, mbegu, na jinsi tulivyomfikisha langoni. Nilitarajia acheke. Aliacha kutafuna.

"Na wenzangu?"

"Wale walibaki," nikasema, bado najisifu.

Aliinuka, akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Mama alichukua sahani yake, akamfuata, akakaa naye. Hakutusimulia Msumbiji siku ile wala baadaye, na mimi nilichelewa sana kuelewa nilichokuwa nimemjibu.

Mwanangu naye ana mchezo wake wa majoka, kwenye simu, na picha zake zinapendeza hadi unaona manyoya ya farasi. Hasubiri mteja wa kusaga wala haogopi dizeli. Juzi alinibembeleza nijaribu. Udadisi wangu haujazeeka, nikakaa naye, nikauliza tena nani anawapikia, akanicheka. Askari wake mmoja akaanguka, kisha wa pili, na mimi nikapiga kelele kama mwendawazimu.

"Mama, tulia," akasema, akibonyeza kitu bila hata kuangalia. "Wanarudi wote."

Nikawaona wakiinuka. Niliwaonea wivu, nasema kweli, wao na mama zao. Sisi mchezo wetu ulikula mbegu za mwaka mzima, na alirudi mmoja.