Msichana Aliyefungiwa Ghalani mwa Linani

Mwanzoni mwa muhula huu mafundi walikuwa wakikarabati dari ya jengo letu hapa chuoni Kakamega, na harufu ya plasta mbichi ikawa inatupokea kila asubuhi kwenye ngazi. Wenzangu walifunika pua. Mimi nilisimama mlangoni na mkoba wangu, nikahisi paja la kulia linaniwasha, na kabla sijajua ninachofanya, macho yakaanza kutafuta spoku ya baiskeli ya kujikunia. Hebu fikirini, mama wa watoto wawili, anayesomea shahada ya pili ya fasihi simulizi, anatafuta spoku.

Hiyo spoku ni ya kwetu Navakholo, ilitoka kwenye baiskeli ya bodaboda ya mjomba wangu. Nilikuwa darasa la tatu. Sisi watoto wa kule tulikuwa na mchezo tuliokatazwa kila siku na kuucheza kila siku: kufukuza trekta la miwa likipanda mlima, likisuasua, na kuchomoa muwa kwenye trela. Siku yangu muwa ulikataa kuchomoka, nami nikakataa kuuachilia. Trekta lilipofika tambarare liliongeza mwendo, nikaanguka, na gurudumu la trela likanipitia mguuni. Hospitalini nikafungwa plasta.

Nawaambieni mapema jambo ambalo mimi sikuambiwa. Daktari alimweleza mama kwamba kidonda kilichokuwa chini ya plasta kikianza kuoza, mguu utakatwa. Mimi niliambiwa tu nitulie.

Kutulia kwenyewe sikukujua. Nilikuwa mtoto wa kurukaruka, na sasa plasta ilinishika kuanzia pajani hadi vidoleni, nikawa najikuna ndani yake kwa ile spoku. Asubuhi mama alinibeba hadi jikoni kwa Kukhu, nyanya yangu, akanilaza juu ya mkeka kando ya ukuta, kisha akaenda kupalilia mahindi, na ndugu zangu wakaenda shule. Nilibaki na Kukhu, moshi, na kuku mmoja aliyeatamia mayai kwenye kona. Mimi na yule kuku tulitazamana mpaka tukachokana. Mlango ulinionyesha kipande cha ua na kipande cha barabara ya murram, na watu waliopita pale walipita haraka mno, nikabaki kusikia tu wakicheka huko mbele. Nilimwonea kuku wivu, maana yeye mara moja kwa siku alitoka kunywa maji.

Siku za kwanza nililia. Kisha nikaanza kudai hadithi. Kukhu alikuwa nazo tele, lakini zilikuwa za jioni, baada ya obusuma, ugali wetu, sote tukiwa tumeshiba na kukaa chini.

"Mchana hatusemangi hadithi, Nafula," aliniambia. "Mtu akisema hadithi mchana anaota pembe."

Alisema hivyo akichambua mboga, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia sufuria ni moto. Nilimwambia jioni ni ya watoto wote, mchana ni wangu peke yangu, na mchana ndio mrefu. Akaendelea kuchambua mboga. Siku moja nililia hadi nikashikwa na kwikwi. Aliinuka, akafunga mlango, akaziba kidirisha kwa gunia. Jikoni kukawa giza, ila makaa tu.

"Haya, usiku umeingia," akasema, akakaa, akaanza.

Ilikuwa hadithi ya msichana aliyerudi shambani peke yake kuchukua jembe alilosahau. Linani, ndilo zimwi la kwetu, likamkamata, likamfungia kwenye ghala lake la mahindi. Kila siku lilimlisha viazi vitamu ili anenepe, na kila siku alichungulia kwenye nyufa za fito na kuimba ili watu wa kwao wamsikie. Kukhu aliimba wimbo huo chinichini, nami nikaupokea. Tulipofika pale msichana anaposikia nyayo nje ya ghala, Kukhu alinyamaza, akaondoa gunia, na mwanga ukatuumiza macho.

"Halafu akatoka?" nikauliza.

"Bado yumo. Kesho."

Kesho yake alikuwa bado yumo, na kesho yake tena. Kila siku mlango ulifungwa, gunia likapanda dirishani, na ghala likapata kitu kipya: panya mwenye maneno mengi, paa lililovuja, linani lililoshikwa na homa likadai uji. Nilicheka, nikasahau kuwashwa, lakini msichana hakutoka. Nilikasirika kweli. Nilimwambia Kukhu wazi kwamba yeye mwisho haujui, anajizungushia tu. Alicheka, akaendelea kuchochea moto.

Jioni akivua kitambaa cha kichwa, nilimkodolea macho nione kama pembe zimeanza. Alijua ninachotafuta. Aliinamisha kichwa karibu na mkeka nipapase mwenyewe, na vidole vyangu vikakuta mvi tupu.

Lakini alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, aliinama akaweka pua kwenye ncha ya plasta pale vidoleni, akavuta pumzi ndefu, kisha akanusa na huku pajani. Niliona aibu.

"Kukhu, nimeoga," nilimwambia.

"Najua," alisema, akanusa tena.

Siku ya kukatwa plasta, mama na mjomba walinipeleka hospitali. Mguu ulitoka mwembamba, umepauka, una magamba, na mzima. Tuliporudi nilikuwa na magongo. Kukhu alikuwa ameketi uani kwenye jua kali la saa saba, anapukuchua maharagwe. Aliutazama ule mguu kwa muda mrefu.

"Basi yule msichana akasukuma kifuniko cha ghala," alisema, "akatoka."

Akaendelea palepale, mchana kweupe, bila gunia wala mlango wa kufunga, hadi msichana akafika kwao na mamake akamchinjia ingokho, yaani kuku. Mimi nilikuwa nikikitazama kichwa chake.

Sasa muhula huu mhadhiri wetu, mama mpole asiyependa haraka, ametutaka tuandike hadithi moja ya kwetu, vile vile tulivyoisikia. Niliandika hiyo. Aliniita, akaniuliza kwa nini msichana amekaa ghalani muda wote huo, maana wenzake katika hadithi za namna hii hutoka upesi. Au msimulizi alisahau mwisho? Kukhu alishafariki, kwa hiyo nilimpigia mama yangu simu.

"Asahau?" mama akasema. "Sisi alitusimulia hiyo jioni moja tu, ikaisha."

Nikamuuliza basi kwa nini mimi nilinyimwa mwisho. Mama akanieleza habari ya pua: Kukhu alikuwa akinusa kama kidonda kimeoza, na kabla ya moto ili moshi usimdanganye.

"Nilimwambia, mtoe huyo msichana ghalani, Nafula anahangaika. Akasema hawezi kumtoa kabla hajajua anatoka na miguu mingapi."

"Na kama wangekata?"

"Alikuwa ameshaitengeneza hiyo nyingine. Msichana anatoka na mguu mmoja, anaruka nao, anaimba, na linani halimfikii. Alinisimulia Jumamosi moja, nduguzo wakikuangalia, tukiwa tunapalilia. Mchana, mwanangu. Alitaka kwanza aone kama mimi nitaweza kuisikiliza."

"Uliweza?"

"Nililia. Akanirudishia tena tangu mwanzo."

Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu, plasta ikininukia. Miaka yote hiyo nilijua nilifungiwa jikoni. Sikujua kwamba Kukhu naye alikuwa amefungiwa mle mle, na mlango wake ulikuwa huu mguu wangu.

Kazi yangu nimeikabidhi ikiwa na miisho miwili. Chini ya ule wa pili nimeandika jina la msimulizi, mahali, na kwamba ulisimuliwa mchana.