Yowe Langu la Kikorea

Ukumbi wetu wa mazoezi pale Kigera ulikuwa unanuka dagaa na jasho, na mpaka leo nikipita Musoma penye dagaa walioanikwa, miguu inaniwasha kutaka kurusha teke. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwoga wa kusema kiasi kwamba mwalimu akiita “Nyangeta” darasani nilibaki kutazama viatu vyangu. Mama alichoka kusikia watu wananiita bubu, akanipeleka taekwondo. Mwalimu wetu alikuwa seremala asubuhi na mwenye mkanda mweusi jioni. Alituketisha sakafuni akatusimulia ilikotoka: Wakorea, walipotoka chini ya Wajapani, walikuwa na vyuo vingi vya mapigano, kila kimoja na mtindo wake, mpaka walimu wao wakakaa pamoja wakakubaliana jina moja. Tae ni mguu, kwon ni ngumi, do ni njia. “Teke hata punda analo,” akatuambia. “Hapa mmefuata hiyo njia.”

Mateke niliyapenda jamani! Niliyapenda kuliko wali wa Krismasi. Baada ya miezi mitatu tu, mguu wangu ulikuwa unafika usawa wa kichwa changu mwenyewe. Tatizo lilikuwa kihap, ule ukelele unaotoka tumboni wakati wa kupiga. Wenzangu wakipiga, mabati yanatikisika. Mimi ilikuwa inatoka sauti ya kifaranga. Mwalimu hakunificha: mtihani wa mkanda wa njano ni Jumamosi ijayo Bunda, na asiye na sauti hapiti, hata awe na miguu ya twiga. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Ule mkanda nilikuwa nauota.

Wiki hiyo ilikuwa likizo, tukaenda kijijini kwa baba, Butiama. Nikajiambia, hapa ndipo! Alfajiri, nyuma ya zizi, nani atanicheka? Nikavaa sare yangu nyeupe, nikavuta pumzi, nikarusha teke. Mara ya kwanza kifaranga, ya pili kifaranga. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wangu ulikuwa umengoja miaka kumi na mmoja, maana mara ya tatu, Mungu wangu, sijui ile sauti ilitoka wapi! Iligonga mawe ya kilimani ikarudi. Nikaruka kwa furaha, nikapiga tena, na tena. Nilichosahau, mimi mtoto wa mjini, ni kwamba kwetu yowe la alfajiri karibu na zizi lina maana moja: ng'ombe wameibwa. Anayelisikia haulizi. Anashika silaha, anakimbia, na yeye anapiga yowe ili wa ng'ambo wasikie. Mara nikashangaa kilima kizima kinapiga mayowe, na wanaume wanatokea kila upande na mikuki, pinde na marungu. Baba mkubwa Wambura, kaka yake baba, alifika wa kwanza akihema, mguu unamtoka damu kwa miiba.

“Wamepitia wapi?” akauliza.

Ng'ombe walikuwa zizini wanacheua. Wanaume wapata arobaini wakanigeukia. Baba akafika, akaelewa, akafura kwa hasira mbele ya ndugu zake. “Upuuzi huu umeisha leo. Bunda huendi, na hiyo nguo itachomwa.”

Moyo ulinipasuka. Nikajua nisiposema sasa hivi, basi tena. Nikabana miguu pamoja, nikainama kama tulivyofundishwa ukumbini, nikafungua kinywa. “Shikamooni wazee wangu. Yowe ni langu. Mwizi hakuna. Nimewakosea, naomba mnisamehe.” Na nilipoanza sikunyamaza! Nikawaeleza habari za Wakorea, za mkanda, za Bunda, mpaka za kifaranga.

Baba mkubwa alinitazama, kisha akamgeukia baba. “Huyu si ndiye mlikuwaga mnasema ni bubu?” Watu wakaangua kicheko. Akaniamuru nionyeshe, nami nikapiga teke na ukelele hata mbwa wakatawanyika. “Nyangeta aende Bunda,” akasema, akichomoa mwiba. “Ila mazoezi yake hapa ayafanye saa sita mchana.”

Nilipita! Mtahini mmoja aliziba sikio. Sauti ile nimeitumia tangu siku hiyo, kwenye usaili, kwenye mikutano ya wazazi, na usiku mmoja wodini nilipodai nesi aje kwa mama. Leo nami nafundisha wasichana. Tuna mikeka mizuri na sare zinazotukaa, lakini tukipiga kihap, jirani anaongeza sauti ya redio. Watu wa mjini ndivyo tulivyo siku hizi, kila mmoja na geti lake. Hilo linaniuma, kwa hiyo nimeongeza sharti ambalo halimo kwenye vitabu, na Wakorea watanisamehe. Kwangu, mkanda wa njano hautolewi kwa kupiga yowe tu. Mwenzako akipiga lake, unaacha ulichoshika, unakimbia kwenda kwake. Asiyekimbia, hapati.